Chuo kidogo cha Marekani kwa binti mkimbiaji: hesabu ya mama wa Majengo

Mimi ni karani katika ofisi ya klaringi, ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa, mwaka wa 17 sasa. Kazi yangu ni kusoma karatasi kabla meli haijatia nanga: ankara, orodha ya vifurushi, bili ya shehena. Kazi hiyo imenizoeza kuanza kusoma kutoka chini ya ukurasa, maana chini ndiko huandikwa yatakayomtoa mtu jasho. Kwa macho hayo hayo nilizisoma barua za vyuo vya Marekani vilivyomtaka binti yangu, na ndiyo ninayotumia kuandika tathmini hii kwa mzazi mwenzangu wa Pwani aliye na mtoto mwepesi wa miguu na mzuri darasani.

Chuo tulichochagua nakipa nyota nne kati ya tano. Jina silitaji, kwa kuwa nina malalamiko mawili na mtoto bado yuko kule. Kiko kaskazini-mashariki ya Marekani, wanafunzi wake hawafiki 2,000, na wote ni wa shahada ya kwanza. Vyuo vya namna hii huitwa vyuo vya sanaa huria. Jina hilo lilinisumbua sana mwanzoni, nitalirudia.

Mtoto mwenyewe alikuwa akitoka nyumbani Majengo baada ya sala ya alfajiri, anashika barabara ya Moi, anapita chini ya zile pembe za ndovu, anateremka hadi Mama Ngina na kurudi kabla jua halijawa kali. Baba yake alimfuata kwa baiskeli. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa na dakika 4 na sekunde 49 katika mita 1,500, na 18:12 katika mita 5,000, zote kwenye uwanja wa nyasi wa shule uliochorwa kwa chokaa. Katika Kenya hii muda kama huo haukufikishi mbali. Wasichana wa Bonde la Ufa wa rika lake wangemwacha mzunguko mzima. Walimu wake, kwa nia njema, walimshauri aache mbio ashike kitabu.

Ajenti mmoja, ofisi yake ina bango kubwa lenye picha ya ndege, alitaka shilingi 180,000 ili amuunganishe na kocha wa Marekani. Nikamwomba aniandikie kila huduma na bei yake, kama tunavyomwandikia mteja sisi. Hakuandika. Baadaye nikaona sababu. Kila chuo kina ukurasa wa timu yake mtandaoni, na pale pana barua pepe ya kocha na fomu ya mkimbiaji kujitambulisha, bure. Tulikaa jioni nne mimi na mwanangu, tukaandika barua 11. Fupi zote: muda wake, gredi zake, mwaka anaotaka kuingia chuo, video ya mbio moja nzima, na sentensi ya kusema wazi kwamba familia haiwezi kulipa ada kamili. Sentensi hiyo ya mwisho msione haya kuiandika. Makocha sita walijibu, na wawili kati yao walishukuru kuambiwa mapema.

Michezo ya vyuo vingi kule iko chini ya NCAA, chama kinachoisimamia, nacho kina divisheni tatu. Ya Kwanza na ya Pili zinaruhusiwa kumpa mwanafunzi pesa kwa sababu ya mbio zake. Ya Tatu, ambamo vyuo vidogo vingi vya sanaa huria vimo, hairuhusiwi kumpa hata senti kwa ajili ya michezo. Nilipolisoma hilo nilitaka kuifunga kompyuta nikalale. Kumbe pesa ziko, tena nyingi, ila zinapitia mlango mwingine: chuo kinapima uwezo wa familia, na vyuo vyenye mfuko mnene hujaza pengo lote linalobaki.

Chuo cha kwanza kutoa ahadi kilikuwa cha Divisheni ya Pili, kusini kule: asilimia 60 ya gharama, skolashipu ya mbio. Ukoo mzima ulipiga vigelegele. Mimi nikashika kalamu. Gharama yao kwa mwaka ilikuwa dola 37,000, ukitoa asilimia 60 zinabaki dola 14,800, na kwa dola ya siku hizi ya shilingi 130 hizo ni shilingi 1,924,000 kila mwaka. Chini ya ukurasa paliandikwa kwamba ufadhili ni wa mwaka mmoja na utaangaliwa upya. Nikamuuliza kocha, utaangaliwa kwa kigezo gani? Akanijibu kwa uungwana kwamba inategemea anavyokimbia. Sikumlaumu, ndiyo kazi yake.

Barua ya chuo kidogo ilipokuja, juu ilisema gharama ya mwaka ni dola 86,400. Zaidi ya shilingi milioni 11! Mume wangu alikaa kimya chakula chote cha usiku. Nikamwambia tusome kutoka chini. Ruzuku ya chuo, isiyorudishwa, dola 80,900. Kazi ya mwanafunzi pale pale chuoni, maktaba au jikoni, dola 2,500. Wazazi, dola 3,000, yaani shilingi 390,000, na zinalipika kwa awamu. Chuo ghali kuliko vyote katika orodha yetu ndicho kilikuwa rahisi kuliko vyote kwetu.

Lakini ruzuku hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilipitia fomu iitwayo CSS Profile, na fomu hiyo ndiyo nataka kuikalia, kwa sababu haikutungwa kwa ajili ya watu wa Majengo. Inauliza: nyumba mnayoishi ni yenu? Ina thamani gani? Anayekaa mtaa wetu anajua ugumu wa swali hilo. Nyumba ni yetu, aliijenga babu yake mume wangu. Ardhi si yetu. Kila mwezi tunalipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, kama majirani. Nyumba bila ardhi utaitia bei gani, na benki gani itaipokea kuwa dhamana? Ningejaza thamani ya nyumba za Nyali, tungeonekana matajiri. Ningejaza sifuri, tungeonekana waongo. Nikaweka makisio ya kuta na mabati tu, kisha kwenye nafasi ya maelezo nikaandika utaratibu huo tangu mwanzo hadi mwisho, nikaambatanisha risiti za miezi 12. Afisa wa ufadhili aliandika siku ya tatu yake akiuliza maswali mawili ya mtu anayetaka kuelewa, na hakuturudia tena na suala la nyumba.

Mume wangu naye ni fundi wa friji, hana hati ya mshahara. Kwa mwaka mzima kabla ya hapo nilikuwa nikiandika mapato yake kwenye daftari, mwezi kwa mwezi, mwezi wa baridi na mwezi wa joto, maana friji za watu huharibika Januari na Februari kuliko Julai. Tukaongeza taarifa ya M-Pesa. Mzazi usiye na ajira ya ofisi, anza daftari hilo mtoto akiwa kidato cha tatu. Ada ya fomu yenyewe tuliomba kusamehewa, tukasamehewa.

Tulizungumza na kocha kwa video mara tatu. Mara ya pili niliomba nizungumze mimi. Nilikuwa nimesoma habari za Mary Cain, mkimbiaji wa Marekani aliyeeleza hadharani mwaka 2019 jinsi alivyosukumwa apunguze uzito hadi hedhi ikakatika na mifupa ikavunjika. Kwa hiyo nilimuuliza kocha moja kwa moja: wasichana wako wanakula? Akasema hapimi mtu uzito, kwamba chuo kina mtaalamu wa lishe, na kwamba msichana ambaye hedhi yake imekatika hashiriki mashindano mpaka daktari amwone. Alilisema mbele ya mume wangu bila kusitasita. Nikamuuliza tena: walioanza na wewe mwaka wa kwanza, wangapi wamefika wa nne wakiwa timuni? Saba kati ya tisa. Nikaomba kuzungumza na mmoja wa wale wawili walioacha. Hapo ndipo kocha mwingine, wa chuo kingine, alikuwa amenikwepa. Huyu alinitafutia.

Msichana yule aliniambia aliacha mbio kwa hiari yake mwaka wa pili, akahamia muziki. Nikamuuliza pesa ilikuwaje. Akashangaa swali. Pesa ilibaki vile vile, akasema, mbona ingebadilika? Nilikata simu nikamwambia mwanangu, tumepata.

Kupokelewa kuna mambo yake. Vyuo kama Amherst na Bowdoin huamua juu ya mwanafunzi wa nje bila kuangalia mfuko wa mzazi. Vingi vingine huuangalia, na chetu ni kimojawapo. Mtoto mwenye gredi nzuri anaweza kukataliwa kwa kuwa anahitaji pesa nyingi. Hapo ndipo kocha wa Divisheni ya Tatu, asiye na skolashipu mfukoni, anakuwa na thamani: anaweza kwenda ofisi ya udahili akasema, huyu namhitaji. Kuanzia Julai kocha wetu alipeleka gredi za mtoto zipitiwe kabla ya maombi rasmi. Mimi nililielewa upesi, kwa kuwa nasi hupeleka manifesti forodha kabla meli haijafika. Jibu lilikuwa zuri, na kocha akatukumbusha kwamba bado si ahadi.

Kisha akatuomba mtoto aombe mapema, kwa ule utaratibu wa kujifunga: ukipokelewa, unaondoa maombi yako kwingine kote. Mwisho wa kuomba Novemba 15, majibu katikati ya Desemba. Sikukubali mpaka niliandikiwa kwamba pesa zikiwa hazitoshi tunaachiliwa bila lawama. Liandikwe, msiridhike na la mdomo.

Kalenda ya kwetu haiendani na ya kwao. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yalitoka Januari 2023, akaomba chuo Novemba mwaka huo, akaingia Agosti 2024. Katikati KUCCPS, idara ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, ilimpangia nafasi ya shahada ya uhasibu, na ndugu zangu walitukasirikia kuiacha. Kaka yangu alinijia nyumbani: mtoto atasomea nini huko? Nikajibu, bado hajachagua. Sanaa huria maana yake ndiyo hiyo, anasoma kemia, historia, hesabu na uandishi, kisha anachagua somo lake kuu mwishoni mwa mwaka wa pili. Kaka akasema hicho si chuo, ni sekondari nyingine, na jina lake hakuna anayelijua Mombasa. Nilimwambia Kofi Annan alisoma Macalester, chuo kidogo cha Minnesota, akamaliza 1961, na akiwa pale alikimbia kwenye timu ya chuo. Kaka alinyamaza, ingawa sidhani kama alikubali. Mimi nimekubali baada ya kuona. Mtoto aliyekwenda akitaka biolojia sasa anasoma jiolojia, kwa sababu ya somo moja la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 14 na mwalimu aliyewapeleka mtoni kupima mchanga. Jumanne maabara yake inagongana na mazoezi ya saa kumi na robo jioni. Maabara ndiyo inashinda, yeye anakimbia peke yake asubuhi, na kocha hanuni.

Kuhusu mbio zenyewe, kuna jambo la Mombasa ambalo makocha hawalijui. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa kwetu, uwanja wa gofu. Nilikuwepo, huyu binti akiwa na miaka miwili mgongoni kwangu. Kenenisa Bekele, aliyekuwa ameshinda mbio zile ndefu miaka mitano mfululizo, alishindwa kumaliza katika joto letu, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Makocha wakisikia Kenya wanafikiria nyanda za juu na ubaridi. Kwa hiyo kwenye kila barua tuliandika joto na unyevu wa siku ya mbio, na kwamba Mombasa iko usawa wa bahari. Kocha wetu aliniambia baadaye kwamba mstari huo ulimfanya asome 18:12 kwa jicho jingine. Majira ya baridi ya kwanza, kwenye uwanja wa ndani wa mita 200, binti alikimbia 17:21 katika mita hizo hizo 5,000.

Anakimbia na hijabu na nguo ndefu. Kocha aliagiza sare ya mikono mirefu kabla hatujamwomba. Ramadhani ya 2025 ilianguka Machi, akahamishia mazoezi mazito baada ya futari, na jikoni wakamfungia daku kwenye kikasha. Chakula cha siku nyingine ni cha kawaida tu. Anakula samaki sana.

Aprili 2025 mfupa wa muundi ulipata ufa. Wiki tisa hakukimbia nchi kavu, alikimbia ndani ya bwawa akiwa na mkanda wa kuelea. Alinipigia simu usiku akilia, anasema ameiangusha timu, na mimi, Mungu anisamehe, huku namtuliza nilikuwa nafikiria ile barua ya asilimia 60. Bili ya mwaka wa pili ilikuja Julai. Niliisoma kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kwenda chini. Ruzuku iko pale pale, imeongezwa kidogo kwa sababu ada ilipanda. Nikaitoa barua ya ufadhili ya mwanzo nikatafuta neno mbio, au timu, au kocha. Halimo hata moja.

Sasa nyota iliyokosekana. Barua ya Desemba haikutaja bima ya afya. Julai 2024, tiketi tushakata, ikatokea kwenye bili, dola 2,700. Niliandika barua nne, wakabeba nusu. Nusu ile tuliipata kwa mkopo wa chama chetu cha akina mama, na tumemaliza kuulipa mwaka huu. Ulizeni bima mapema, na muulize pia mabweni, kwa kuwa hilo ndilo la pili: likizo ya Desemba mabweni yanafungwa. Mtoto wa Boston anakwenda nyumbani kwa basi. Wa Mombasa anakwenda wapi? Mwaka wa kwanza alikaa kwa familia ya mwenzake wa timu, watu wema sana, lakini chuo kinachoita watoto kutoka ng'ambo kingeacha jengo moja wazi. Tiketi za ndege, nguo za baridi, ada ya SEVIS ya kumsajili mwanafunzi wa kigeni, iliyokuwa dola 350 mwaka 2024, na ya viza, iliyokuwa dola 185, pamoja na safari ya kwenda ubalozini Gigiri, zote ni juu yako.

Jumamosi, wakati wa mbio zao, huku kwetu huwa ni saa kumi na mbili jioni, wakati wa kukanda unga wa mahamri ya asubuhi. Simu naiegemeza kwenye kopo la sukari nasubiri orodha ya matokeo. Katika mbio za nyika za vyuo wasichana hukimbia kilomita 6, saba wa timu hukimbia kwenye fainali na nafasi za watano wa kwanza ndizo zinazojumlishwa. Oktoba 2025, mbio yake ya pili baada ya mfupa kupona, alimaliza wa tano wa timu yao. Nilimwita baba yake aje aone, mikono yangu imejaa unga.

Kuna binti mwingine, wa Kisauni, yuko kidato cha tatu na ana 4:55 katika mita 1,500. Ijumaa anakuja na mama yake tuandike barua ya kwanza. Nimemwambia mama aje na risiti za kodi ya ardhi, na daftari jipya.